Kuchagua Gita la Umeme Linaloukubali Mkono: Mwongozo kwa Wanakwaya na Walezi Wao

Katika parokia nyingi ununuzi wa gita la umeme hutanguliwa na jasho la miezi kadhaa: michango baada ya Misa, mnada wa kuku na mikungu ya ndizi, na ahadi za wahisani ambazo hazitimizwi zote. Fedha zikishapatikana, hutumwa mjumbe mjini, mara nyingi mhazini wa kwaya au yule mwenye gari, naye hurudi na gita linalopendeza machoni. Ni nadra kutumwa yule atakayelipiga.

Katika kwaya mojawapo ambayo mwandishi wa makala haya aliihudumia, gita jekundu lilipokewa kwa vigelegele, na baada ya miezi minne lilikuwa limefungiwa katika kabati la sakristia. Kijana aliyekabidhiwa alilalamika kwamba vidole vinamuuma na kiganja kinakakamaa kabla ya wimbo wa pili kumalizika. Viongozi walihitimisha kwamba ni mvivu wa mazoezi, naye aliyasikia maneno hayo akaacha kuja. Siku moja mzee mmoja, mpiga gita wa zamani wa bendi ya dansi, aliomba kuliona. Hakulichomeka hata kwenye amplifaya. Alilitazama kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea chini, kama seremala anavyokagua ubao, akabonyeza uzi mmoja mara tatu, kisha akasema kijana hana kosa. Nyuzi zilikuwa zimesimama juu ya shingo karibu mara mbili ya kimo kinachofaa.

Tukio hilo linaonesha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui. Gita la umeme lina sifa za aina mbili zinazougusa mwili wa mpigaji. Zipo zile alizozaliwa nazo, ambazo fundi hawezi kuzibadilisha bila kuliharibu: urefu wa nyuzi, umbo la shingo, uzito na mlingano wake. Na zipo zile zinazorekebishika kwa bisibisi, tupa ndogo na seti mpya ya nyuzi. Mnunuzi asiyezitofautisha hukataa gita jema kwa sababu ya kasoro ya nusu saa, au hununua gita ambalo kasoro yake haina dawa.

Ieleweke mapema kwamba uhalali wa gita katika Liturujia si mada yetu. Inatosha kukumbuka kwamba Konstitusio Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, katika namba 120, inakipa kinanda cha filimbi heshima ya pekee na kuruhusu vyombo vingine kwa kibali cha mamlaka husika ya mahali, mradi viwe vinafaa kwa matumizi matakatifu. Kwa hiyo mazungumzo na Baba Paroko hutangulia mchango wa kwanza.

Urefu wa nyuzi

Kila gita lina kipimo cha urefu wa uzi unaotetemeka, kuanzia kwenye kile kipande chembamba cha plastiki au mfupa kilichopo kati ya kichwa na shingo, ambacho hapa tutakiita kizingiti, hadi kwenye daraja linaloshikilia nyuzi tumboni mwa gita. Viwanda viwili vya Marekani ndivyo vilivyoweka desturi inayofuatwa na wengi hadi leo. Fender, iliyotoa Telecaster mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Stratocaster mwaka 1954, ilichagua milimita 648. Gibson, iliyotoa Les Paul mwaka 1952, ilichagua takriban milimita 628. Magita mengi ya bei nafuu yanayouzwa katika maduka yetu, hata yale yenye majina yasiyojulikana, yamenakili mojawapo ya vipimo hivi viwili.

Tofauti ya sentimita mbili yaweza kuonekana ndogo, lakini mkono huitambua mara moja. Nyuzi za unene uleule, zikikazwa kwa sauti ileile, hulegea kwa karibu asilimia 6 kwenye gita la milimita 628, na nafasi kati ya freti moja na nyingine hupungua kidogo. Mwenye vidole vifupi hufika kwa wepesi zaidi, na anayependa kuvuta uzi ili sauti ilie hutumia nguvu kidogo. Kwa upande mwingine, gita refu huwa na mlio mkavu na wa wazi zaidi kwenye nyuzi nene, na wapigaji wa rithimu wenye mkono mzito huona kwamba nyuzi zake zinastahimili mchapo bila kuyumba.

Kwa watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu na kwa wasichana au wavulana wenye mikono midogo, upo uwezekano wa tatu unaosahaulika. Mwaka 1964 Fender ilitoa gita liitwalo Mustang, lililokusudiwa wanafunzi, lenye urefu wa milimita 610. Magita ya kipimo hicho bado yanatengenezwa, na si vitu vya kuchezea. Kumpa mtoto wa miaka kumi gita la milimita 648 kwa hoja kwamba atakua ni sawa na kumpa kanzu ya mtumikiaji mkubwa na kumwambia apande nayo ngazi za altare.

Shingo na kiganja

Shingo ndiyo sehemu ya gita ambayo mpigaji haiachi hata sekunde moja. Mgongo wake waweza kuwa wa mviringo mwembamba, wa mviringo uliojaa, au wenye ncha laini katikati mfano wa paa la nyumba. Unene wake karibu na freti ya kwanza mara nyingi huwa kati ya milimita 20 na 23, na tofauti ya milimita mbili huko yatosha kumfanya mtu aseme hili ni langu au hili si langu. Gibson yenyewe hadi leo hutofautisha shingo nene ya mtindo wa miaka ya 1950 na ile nyembamba ya mtindo wa miaka ya 1960.

Wauzaji hupenda kusema kwamba mkono mdogo unahitaji shingo nyembamba. Si kweli nyakati zote. Shingo nyembamba mno hukiacha kiganja bila egemeo. Kidole gumba hulazimika kubana kwa nguvu, na baada ya nyimbo tatu msuli wa chini ya gumba huwaka moto. Nimewaona akina dada wenye mikono midogo wakistarehe zaidi kwenye shingo iliyojaa kidogo. Jambo hili haliamuliwi kwa kutazama wala kwa kusoma maelezo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Upana nao una neno lake. Kwenye kizingiti, shingo ya gita la umeme huwa na milimita 42 au 43 hivi, ilhali gita la nyuzi za nailoni, ambalo wengi wamejifunzia katika nyumba za malezi na seminari, lina takriban milimita 52. Anayetoka kwenye gita la nailoni ataona nyuzi zimesongamana na vidole vyake vinagusana. Asikate tamaa siku ya kwanza wala asililaumu gita. Majuma mawili ya mazoezi humaliza tatizo hilo.

Uso wa shingo, pale vidole vinapobonyeza, haukulala bapa bali umepinda kama kipande kilichokatwa kwenye gogo la mviringo. Fender za kale zilifuata duara lenye nusu kipenyo cha milimita 184, nyingi za sasa hufuata milimita 241, na Gibson milimita 305. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mpindo unavyokuwa mkubwa. Uso uliopinda sana humfaa anayeshika kordi muda wote, kwa kuwa kidole cha shahada kinachozibana nyuzi zote sita hulala juu yake kwa urahisi. Uso ulio bapa zaidi humfaa mpiga solo, kwa kuwa uzi ukivutwa pembeni kwenye uso uliopinda sana, nao umewekwa chini, sauti yake hukatika.

Hapa wanakwaya wetu wanapaswa kujiuliza swali la kweli: gita hili litafanya kazi gani? Solo ya nyimbo zetu nyingi za shangwe imetokana na muziki wa dansi na rumba ya Kongo, na mapigo yake matamu hukaa juu, kuanzia freti ya 12 kwenda mbele. Mpigaji wa namna hiyo akipewa gita la mtindo wa Les Paul, lenye mkato mmoja na kisigino kinene pale shingo inapoungana na mwili, atapata taabu kila anapopanda juu. Mwili wenye mikato miwili, kama wa Stratocaster, humfungulia njia. Mpiga rithimu, anayeishi katika freti tano za kwanza, hana haja ya kulipia mkato wa pili.

Uzito, mkanda na ubavu

Jambo hili hupuuzwa kuliko yote, na Misa ya Dominika haina huruma nalo. Gita la mtindo wa Les Paul mara nyingi huwa na kilo 4 au zaidi. La mtindo wa Stratocaster huwa karibu na kilo 3.5. Dukani, mtu aketipo kwenye kigoda, tofauti hiyo haisikiki. Baada ya saa mbili za sikukuu yenye ubatizo, bega la kushoto hulihesabu gramu kwa gramu.

Uzito pekee hautoshi kuamua. Lipo gita jepesi ambalo kichwa chake kinazidi mwili, na likining'inizwa kwa mkanda kichwa huinama kuelekea sakafuni. Mtindo wa SG, uliotolewa na Gibson mwaka 1961 ukiwa na mwili mwembamba, unajulikana kwa tabia hiyo. Mpigaji hulazimika kuibeba shingo kwa mkono uleule unaotakiwa kubonyeza nyuzi, hivyo mkono wa kushoto unafanya kazi mbili. Kipimo chake ni rahisi: vaa mkanda, simama wima, kisha achia mikono yote miwili taratibu. Gita lililo sawa hubaki mahali pake.

Historia yenyewe inatufundisha kwamba starehe ya mwili si anasa. Telecaster ilikuwa ubao bapa wenye kingo zilizowaumiza wapigaji ubavuni na kwenye kigasha. Malalamiko yao yalisikilizwa, na Stratocaster ilipotoka ilikuwa imechongwa mgongoni ili ubavu upate nafasi, na mbele ili mkono wa kulia ulale bila kukatwa na ukingo. Umbo hilo linalonakiliwa duniani kote lilitokana na watu waliosema kwamba panauma.

Yale ambayo fundi anayaweza

Turudi kwa mzee wetu na gita jekundu. Kimo cha nyuzi hupimwa juu ya freti ya 12, na kwa kawaida kati ya milimita 1.5 na 2 panatosha, uzi mnene ukiwa juu kidogo kuliko mwembamba. Asiye na rula ndogo atumie kadi za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo mbili zikishikwa pamoja ni takriban milimita 1.5. Ziweke juu ya freti ya 12, chini ya uzi mwembamba. Zikipita zikiugusa kidogo, hali ni njema. Kadi tatu zikipita bila kuugusa uzi huo, gita linahitaji fundi kabla ya kuhitaji mpigaji.

Kizingiti ndicho mkosaji wa siri. Mifereji yake isipochimbwa vya kutosha, nyuzi hukaa juu mno katika freti za kwanza, na hapo ndipo kordi ya F, ile ambayo hakuna wimbo wa ufunguo wa C unaoikwepa, huwa mateso. Wanafunzi wengi wameaga gita kwenye F wakiamini hawana kipaji. Ushahidi unapatikana kwa kapo: ifunge kwenye freti ya kwanza, kisha shika umbo lilelile freti moja mbele zaidi. Ikiwa linashikika kwa wepesi wa ajabu kuliko lilivyokuwa bila kapo, kosa ni la kizingiti, na fundi mwenye tupa nyembamba hulimaliza upesi. Asizidishe tu, kwa sababu mfereji uliochimbwa kupita kiasi huufanya uzi ulie kama nzi kwenye freti.

Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama katikati: panatakiwa kuwapo uwazi mdogo, wa karatasi moja au mbili. Uwazi mkubwa maana yake shingo imepinda, na kwa kawaida fimbo hiyo ikikazwa robo mzunguko hali hurejea. Lakini shingo iliyojisokota, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, haina tiba ya bei nafuu. Hiyo iacheni dukani.

Pitisha pia kiganja pembezoni mwa shingo. Mbao hunywea katika ukavu, chuma hakinywei; kwa hiyo gita lililokaa kiangazi kizima Dodoma laweza kuchomoza ncha za freti zinazokwaruza kama msumeno, ilhali lilitoka kiwandani likiwa laini. Fundi huzisawazisha kwa tupa. Katika majimbo ya pwani shida ni nyingine: unyevu wa chumvi hushambulia nyuzi, na uzi wenye kutu hukwaruza vidole hata kama gita ni la kifalme. Ikiwa mgongo wa shingo umepakwa vanishi inayong'aa na mkono wenye jasho unanata, msasa laini sana huuondoa mng'ao huo bila kudhuru kitu.

Kuhusu nyuzi, seti huitwa kwa unene wa uzi mwembamba kuliko zote, kwa elfu za inchi. Seti ya 9 ni laini kwa anayeanza, seti ya 10 ni ya kawaida, na seti ya 11 ni ya mkono uliokomaa. Gita jipya la dukani likionekana gumu, huenda limefungwa nyuzi nene tu, na badiliko la kutoka 10 kwenda 9 hulifanya lihisike kama gita jingine. Hakuna marekebisho ya bei ndogo kuliko haya, na ni ajabu kwamba huwa la mwisho kufikiriwa.

Siku ya kununua

Atumwe mpigaji mwenyewe, na mhazini aandamane naye akiwa na fedha na subira. Alipige gita kwanza bila umeme, kwa sababu amplifaya yenye mwangwi hufunika makosa ya mkono. Alipige akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama na mkanda wake mwenyewe, kwa dakika zisizopungua ishirini, na apige nyimbo anazozipiga kwaya, si zile za kuwashangaza wauzaji. Afumbe macho. Rangi ya gita hupoteza nguvu zake zote mtu akifumba macho.

Baada ya hapo achunguze freti moja baada ya nyingine kwenye kila uzi, akisikiliza sauti inayokufa au kukwaruza. Kisha alinganishe sauti ya uzi uliobonyezwa kwenye freti ya 12 na ile ya uzi huohuo ukiguswa kidogo tu mahali hapo bila kubonyezwa. Zikitofautiana, daraja linahitaji kurekebishwa. Ni kazi ndogo.

Daraja lenye mkono wa kuyumbisha sauti linawavutia vijana wengi. Kwa kwaya, nashauri daraja lisilosogea. Daraja linaloelea hushikiliwa na mizani ya springi dhidi ya nyuzi, na uzi mmoja ukikatika katikati ya Utukufu, zilizobaki zote hupanda na kupoteza ufunguo. Kuhusu sumaku zinazonasa sauti, zenye koili moja hunguruma karibu na taa za neli, ambazo makanisa yetu yanazo kwa wingi, ilhali zile za koili mbili huuzima mngurumo huo. Mengine ya sauti yanategemea zaidi amplifaya, na kwa bajeti ya kwaya huamuliwa baadaye.

Anayetumia mkono wa kushoto aulize mapema kama gita la upande wake lipo, maana ni adimu. Na anayenunua kwa kuagiza mbali, kwa picha tu, apate kwa maandishi ahadi ya kulirudisha, na achague mtindo ambao tayari ameshaupiga kwa mikono yake katika parokia jirani. Katika bajeti itengwe pia fedha ya fundi na ya seti mbili za nyuzi. Gita la bei ya kati lililorekebishwa vizuri hupigika kuliko la bei kubwa lililotolewa kwenye boksi na kupelekwa moja kwa moja Misani.

Gita lile jekundu lilirekebishwa alasiri moja, chini ya mwembe wa parokia. Mzee alichimba mifereji ya kizingiti, akashusha daraja, akafunga seti ya 9. Kijana alifuatwa nyumbani, na mwenyekiti wa kwaya ndiye aliyekwenda kumwomba radhi. Uzito wa gita, kilo 4 na ushee, haukuwa na dawa. Lilinunuliwa mkanda mpana wa ngozi, na hadi leo mpigaji hulivua na kuliweka kwenye kisimamio chake kila mahubiri yanapoanza.